Doa la Kijivu Mlangoni mwa Sabaki

Ipo siku moja mama yangu aliweka kidole chake juu ya bahari, bahari ya karatasi, akaniambia kwamba baba yangu yuko pale. Nimekuwa nikiikumbuka siku hiyo tangu jana jioni uliponitumia ile picha, mwanangu, na nimeona nisikae nayo tena kifuani. Ujumbe wa sauti siutaki. Nikianza kuongea na simu, mama yako anakuja kunisahihisha, na mbuzi nao hawakosi neno. Kwa hiyo nimechukua kalamu nikaketi mezani. Mpwa wako atakupigia picha kurasa hizi akutumie, nawe usome polepole mpaka mwisho kabla hujagusa kitu chochote kwenye hiyo kompyuta yako.

Picha ni nzuri. Naanza na hilo kwa sababu nakujua, hutasoma kitu kingine kabla hujasikia nimesema ni nzuri. Umeitoa nyeusi na nyeupe, kama tulivyokuwa tukifanya sisi, na hiyo droni yako umeipandisha juu hasa. Nimeona mawimbi yamejipanga mistari mistari. Nimeona vilima vya mchanga visivyo na unyayo wa mtu, na mikoko imejibana ukingoni, na mto unaingia baharini kwa upana wake wote. Nikafurahi, nikamwita mama yako aje aone kazi ya mtoto wake. Halafu nikakusikiliza kwenye ujumbe wako wa sauti ukisema, "Baba, si iko sawa? Ngoja tu nitoe hilo doa la kijivu hapo mto unaingilia, linaharibu. Watu wa maonyesho wanaitaka Ijumaa."

Mutheu, chai ilinipalia. Mama yako alidhani ni mkate, akanipiga mgongo mpaka miwani ikaanguka.

Usilitoe hilo doa. Sasa nitakueleza kwa nini, na usinikatize, ingawa najua huwezi kunikatiza ukiwa unasoma, na hiyo ndiyo raha ya karatasi.

Unajua nilifanya kazi studio ya picha Kitui mjini nikiwa kijana. Hilo nimelisema mpaka nyote mmechoka, mkiona nimeanza mnatoka mmoja mmoja. Mwenye studio alikuwa Mzee Abdalla. Babu zake walipanda kutoka pwani na biashara zao, wakaoa Kitui, wakazikwa Kitui, na Kikamba chake kilikuwa safi kuliko changu. Ila akikasirika alirudi kwenye Kiswahili cha kwao, na hapo ungejua leo umeharibu. Kazi iliyotulisha ilikuwa picha za vitambulisho na harusi. Lakini roho ya mzee yule ilikuwa mahali pengine. Alikuwa na rafiki huko Malindi mwenye ndege ndogo, na kila alipopata nafasi alisafiri, akapanda ile ndege, akafungwa kamba kiunoni, mlango ukaachwa wazi, naye akainama nje na kamera kupiga picha za pwani kule kusikokaa watu. Vijito vya bahari vinavyojipinda kwenye mikoko. Miamba inayotokeza maji yakipwa. Michanga mitupu. Nilimuuliza siku moja kwa nini hapigi picha za miji ya pwani, maana ndizo watu wanazonunua. Akaniambia, "Penye watu nitapigia harusi zao, Kioko. Niachie penye upepo."

Akirudi na filamu zake amezifunga kwenye kikoi, tulijifungia kwenye chumba cha giza, chini ya taa nyekundu, tukizitoa moja moja. Mimi sikuwa nimewahi kuona bahari, mwanangu. Bahari niliiona kwanza ndani ya sinia la dawa, Kitui, kiangazi kimekausha kila kitu nje. Karatasi nyeupe unaitia kwenye dawa, unaitikisa taratibu, na mbele ya macho yako inaanza kuja: kwanza giza la mikoko, halafu mstari wa povu. Nilikuwa nasahau kupumua. Na picha za aina ile zinataka kuoshwa maji mengi, la sivyo baada ya miaka zinageuka manjano. Sasa maji Kitui yalikuja kwa punda. Mwenye punda alikuwa akishusha mitungi mlangoni ananitania kila mara, "Kioko, si hiyo picha imejaa maji? Chota hapo hapo uiache migongo ya punda wangu!"

Nimefika mbali, turudi nyumbani.

Babu yako Makau alikuwa amefariki kabla sijaanza kazi ile. Alikuwa mtu wa maneno mengi na safari za mdomoni. Shamba letu unalijua lilivyo, linateremka kuelekea Athi, ng'ambo ya mto ni Kitui, upande huu ni Makueni. Kila mvua ikija na mto ukijaa, alikuwa anakaa kwenye kona ya chini kabisa anaangalia maji yakipita. Jioni anamwambia mama, mwenye jina lako, "Mutheu, haya maji yanaenda baharini. Tukivuna tu, nakupeleka ukaione." Walivuna. Mwaka mwingine wakavuna tena. Mama yangu alikuwa anamjibu, "Hiyo bahari yako imekuwa mbali kuliko mbinguni." Lakini naye alipenda kuahidiwa, nilimwona usoni.

Alipougua alisema azikwe kwenye kona ile ile, asikie mto. Watu wakamwambia pale ndipo njia ya ng'ombe wa kijiji inapopita kushuka kunywa maji, na mahali ng'ombe wanapopita kila siku, mvua nayo huishika njia hiyo. Akacheka, akasema basi ng'ombe watakuwa wanamsalimia. Nani atabishana na mtu anayekufa kuhusu mahali atakapolala? Tukamzika pale. Mama akapanda mlimao kichwani pake, tukapanga mawe, tukasimika msalaba wa mbao. Mimi nikajiwekea desturi yangu: nikitoka Kitui, kabla sijaketi, kabla sijanywa hata maji, nateremka kwanza hadi kwa baba kumsalimu. Ndipo napanda kumsalimu mama.

Njia ya ng'ombe ikawa mfereji. Mfereji ukawa korongo. Na korongo, mwanangu, halikui kwa kushuka. Linakula kurudi nyuma na kutanuka kando, kila mvua likimega kipande. Mama alikuwa ananitumia habari kwa akina mama wanaokuja soko la Kitui: mwambie Kioko limefika kwenye jiwe kubwa. Mwambie limepita jiwe. Nilikuja Jumapili kadhaa, mimi na baba mdogo Muli, tukatupa mawe na matawi ya miiba humo ndani, tukafunga na mikonge. Lakini ile ilikuwa kazi ya mwethya, si ya watu wawili. Mwethya unaijua, leo watu wote kwangu na majembe yao, kesho wote kwako. Kikundi chetu kilikuwa kimekubali kuja kuchimba matuta shamba lote, maji yazuiwe kule juu kabla hayajapata nguvu. Zamu yetu ilipangwa baada ya mavuno. Hakuna aliyezembea. Tulikuwa tunaomba tu mvua iwe na adabu mwaka ule, kaburi la baba lifike mavuno likiwa mahali pake.

Mvua za mwisho wa mwaka zilipokuwa zimekolea, mimi nilikuwa Kitui, na Mzee Abdalla alikuwa amerudi kutoka pwani na filamu mpya. Kati yake kulikuwa na picha moja ambayo tulipoitoa tulisimama wote wawili. Mlango wa mto Sabaki, umepigwa kutoka juu. Mawimbi mistari mistari. Mchanga mweupe hata unaumiza macho. Bahari nyeusi tii kule kwenye kina. Na katikati, kutoka mdomoni mwa mto, doa la kijivu limetandaa juu ya maji, kubwa, laini, halina ukingo.

Kulikuwa na mwenye hoteli fulani huko pwani aliyetaka picha kubwa ya ukutani, bahari safi. Mzee Abdalla akaliangalia lile doa, akashika kiuno. "Huu uchafu wa mto tutauzima," akasema. Ilikuwa kazi ya mkono tu. Unachukua kadibodi yenye tundu, unaishika chini ya mashine ya kukuzia picha, mwanga unapita kwenye tundu na kuangukia pale pale kwenye doa kwa muda zaidi, nalo linaiva likawa jeusi kama bahari nyingine. Nilikuwa na mkono mwepesi kwa kazi hiyo. Lakini Krismasi ilikuwa imefika, naye akasema tutaifanya nikirudi. Ile karatasi ya majaribio, yenye doa lake, akanipa. "Kamwonyeshe mama, aione bahari."

Daraja lilikuwa limefunikwa na maji, nikazunguka Machakos, nikafika nyumbani nimechoka na matope hadi magotini. Nikaweka mzigo mlangoni, nikageuka niteremke kwa baba kama kawaida. Mama akasimama mbele yangu na kikombe cha chai. "Kunywa kwanza," akasema. Nikamwambia narudi sasa hivi. "Kunywa kwanza, Kioko." Hajawahi kunizuia. Baba mdogo Muli alikuwa ameketi ndani na hakuniangalia. Nikadhani kuna ugomvi wa shamba, mtu na shemeji yake, mambo ya kawaida ya Krismasi. Nikaketi, na ili kuwachangamsha nikatoa picha.

Baba mdogo akaigeuza juu chini, akaitazama hivyo hivyo, akasema ni nzuri. Mama akaichukua, akaisogeza mlangoni penye mwanga. Akaangalia ile mistari ya mawimbi kwa muda mrefu. Kisha akasema kwa heshima kabisa, "Huyu mwenye shamba hili ni mtu wa kazi. Tazama matuta yake."

Woi, tulicheka! Baba mdogo alicheka mpaka akakohoa. Nami nikacheka, nikamwambia, "Mwaitu, hiyo ni bahari. Hayo ni mawimbi." Mwaitu ndiyo mama, kwa Kikamba chetu, nawaandikia hilo watoto wako wa Nairobi kama watasoma. Mama hakukasirika. Mtu aliyechimba matuta maisha yake yote, ukimpa mistari ataona nini kingine? Akaendelea kuiangalia picha kama anachambua maharagwe. Kidole chake kikasimama kwenye doa.

"Na hiki ni nini?"

"Huo ni uchafu wa mto tu, mama. Tutautoa."

Akainua uso. Mama yangu hakuwa mkali, unamkumbuka, lakini siku ile alinikaripia kwa sauti ya chini ambayo iliniingia kuliko kelele. "Usiite udongo uchafu," akasema. "Uchafu unaufagia mwenyewe ukautupa. Huu kuna mtu umemtoka. Kuna mtu aliamka asubuhi akakuta haupo." Halafu akaniuliza, "Ni mto gani?"

"Sabaki."

"Unatoka wapi?"

Nikamjibu kama nipo darasani, tena kwa maringo kidogo. "Ni huu huu wetu, mama. Ni Athi. Ukishuka huko chini unabadilisha jina tu." Nikamwona baba mdogo anaweka kikombe chake chini.

 Mama akaweka kidole tena juu ya lile doa, polepole, kama mtu anayemgusa aliyelala. "Basi baba yako amefika," akasema.

Sikuelewa. Nilimtazama baba mdogo, naye akasema, "Mpeleke aone, Mutheu. Mtoto ni wake." Mama akanishika mkono, mimi mwanamume mzima, tukateremka.

Kona haikuwepo. Sijui nikuambieje. Ilikuwa imenyesha usiku kucha, wiki kadhaa kabla sijafika, na asubuhi mama alipotoka alikuta korongo limeichukua kona yote na kila kilichokuwa pale, mlimao, mawe, msalaba, na baba mwenyewe. Chini maji yalikuwa bado yanapita mekundu. Nilisogea ukingoni, na mama akanishika ukosi wa shati kutoka nyuma, akanivuta kama mtoto anayetaka kuchungulia kisima. Nililia, mwanangu. Nililia kwa sauti mbele ya baba mdogo na sikuona haya, wala leo sioni. Mtoto wa kwanza wa kiume, na kaburi la babangu limekwenda na maji.

Mama aliniacha nilie. Nilipotulia, akaniambia maneno haya, nayaandika kama alivyoyasema. "Mimi nimeshalia. Kilichokuwa kinaniua si kwamba ameondoka. Nilikuwa najiuliza ameishia wapi. Amekwama kwenye mchanga gani, peke yake, hakuna anayemjua. Nimekuwa nikiamka na hilo swali. Leo umeniletea mahali." Akaitoa ile karatasi, alikuwa amekuja nayo chini ya leso. Akaitazama, akaanza kucheka huku machozi yanamtoka. "Makau! Aliniahidi bahari, kumbe alikuwa anapanga kuniacha nyuma!"

Niliporudi Kitui, Mzee Abdalla alikuwa ameshatayarisha karatasi kubwa na kadibodi yenye tundu. Nikaichukua, nikaishika chini ya mwanga, na mkono wangu ukakataa. Nikamweleza. Akasikiliza amesimama, akatamka yale maneno yao ya msiba, kisha akaketi kwenye kigoda chini ya ile taa nyekundu. Mwishowe akasema, "Iweke hiyo kadibodi, mwanangu. Itoe kama ilivyo." Tukaitoa kubwa, na doa lake lote. Mwenye hoteli akaikataa, akachukua ile ya mikoko, na huenda bado iko kwenye ukuta wake. Mzee Abdalla akaifunga ya Sabaki kwa karatasi, akaniambia nimpelekee mama, na nimwambie mama pole kutoka kwa watu wa pwani, mgeni wao wamempokea.

Ndiyo hiyo hiyo, Mutheu. Ile picha juu ya redio. Ile uliyokuwa ukiita wingu. Ulikuwa unapanda kiti unaigusa, unauliza hilo wingu litanyesha lini, na susu, nyanya yako, anakushusha anakuambia limeshanyesha. Ulikuwa mdogo, hukujua kwa nini hakuna siku aliyokugombeza kwa kuigusa, na sisi wengine tungeipangusa bila ruhusa angetufukuza. Kila asubuhi ya mvua alikuwa anaipitia kwanza, anaitazama, ndipo anawasha moto. Nilimwambia mara nyingi nimpeleke Malindi aone mwenyewe. Akakataa. "Nikifika huko sitataka kurudi," alisema, "na nani atawalisha?"

Sasa ngoja nikuambie jambo ambalo hata mama yako nimemwambia jana tu, baada ya chai ile. Pale unapoweka maua kila Krismasi, upande wa kushoto amelala susu yako, yuko kweli. Upande wa kulia, penye jina la Makau, kuna jiwe tu. Mama ndiye aliyetaka liwekwe, watoto wapate mahali pa kusimama, na ndiye aliyetuapisha mimi na baba mdogo tusiseme. Aliogopa watu wataisema familia yetu kwamba mzee wao walimwachia mafuriko. Baba mdogo amekwenda na siri yake. Mimi nilikuwa nakwenda na yangu, mpaka ulipoamua kurusha hiyo droni mahali pale pale, katika pwani yote ya Mungu, bila kujua.

Na mwethya? Ilikuja, mavuno yalipoisha. Nilidhani mama ataiahirisha, maana kilichokuwa cha kulindwa kilikuwa kimeondoka. Nikamuuliza sasa tunamchimbia nani. Alikuwa ameshafunga kiuno, jembe begani. Akanitazama kama nimeuliza upumbavu. "Baba yako alipenda safari," akasema. "Mimi napenda kulala. Siku yangu ikifika nataka kulala hapa na niamke hapa." Kijiji kizima kilicheka, na wakachimba, akina mama wakiimba, wanaume wakibeba mawe, matuta kutoka juu hadi chini, mikonge kwenye kingo zote. Njia ya ng'ombe tukaihamisha. Korongo lilisimama pale lilipofika, na halijasogea tena mpaka leo. Ile mikonge uliyokuwa ukijichoma ukicheza ndiyo hiyo, na susu yako amelala nyuma yake kama alivyotaka.

Basi, mwanangu, nikupe neno langu, nawe ulipokee ingawa nimezunguka sana kulifikia.

Umepewa macho ya kuona kutoka juu. Hilo si jambo dogo, na mimi najivunia mpaka majirani wananikimbia. Lakini ukiwa huko juu na ukaona kitu kinachoharibu uzuri wa picha, usikimbilie kukifuta. Kiulize kwanza kimetoka kwa nani. Ufuate mto kwa macho yako kurudi nyuma, upite mbuga, upite madaraja, mpaka ufike kwenye shamba la mtu aliyeamka asubuhi akakuta udongo wake haupo. Huyo mtu huenda ni wa damu yako. Na hata kama si wako, ni wa mwingine. Waache watu wa maonyesho waulize hilo doa ni nini, uwaambie. Wakilikataa, wape ya mikoko.

Jambo la pili, ushuke. Maji yamepata njia mpya huku juu, nyuma ya choo cha zamani. Nimeyaona, na goti langu haliniruhusu kupanda kuyafuata. Tumeitisha mwethya kabla ya mvua za Oktoba. Njoo, na uje na hiyo droni, uirushe juu ya shamba letu, utuonyeshe maji yanaanzia wapi, maana sisi huku chini tunaona yanapofika tu. Halafu utashika jembe kama wengine. Kucha zitavunjika, zitaota nyingine.

Unajua kwa nini nakuita mwaitu nikiwa na furaha. Umebeba jina la mama yangu, na kwetu anayebeba jina amembeba mtu mwenyewe. Ulipokuwa mtoto baba mdogo Muli alikuwa anakuita mke wa kaka yake, anakuomba maji ya kunywa, nawe unakasirika unasema wewe hujaolewa. Nilikuwa nacheka tu. Jana sikucheka. Niliiangalia picha yako, na chini yake jina la aliyeipiga, Mutheu, na nikaona kwamba yule mama aliyekataa safari ameifikia bahari kwa miguu yake, na mumewe alikuwa bado anamngoja mlangoni.

Wazee wetu walibariki kwa kutema mate kidogo kifuani, na kama ungekuwa hapa ningekutemea, mchungaji aseme atakavyosema. Kwa kuwa uko mbali nakuandikia: Mungu akuweke juu unaporuka na akupokee unaposhuka. Akupe mvua yenye adabu. Akupe wazao watakaobeba jina lako bila kuona uzito wake, na siku zako zikiwa nyingi, akupe mahali pa kulala utakapopachagua mwenyewe, na watu wa kuchimba matuta juu yake.

Sasa ifungue ile picha. Weka kidole pale kwenye kijivu, umwambie Makau kwamba umefika, tena mkemee kidogo kwa kutangulia. Halafu iache ilivyo, naye ndani yake, mwaitu. Usimfute.